Hati Nne, Kamba Moja

Bwana Lyatuu wa benki alikuja Jumanne,
viatu vimekula vumbi la Pasua,
akapima kwa futi yake sebule
ambamo mjukuu wangu Aikande aling'oka jino la kwanza.
Akaandika: mita nne kwa tatu na nusu.
Jino hakuliandika.

Nina nyumba nne za kupangisha. Usinihusudu.
Ya Pasua ni kiinua mgongo,
miaka thelathini na miwili ya chaki kifuani,
na mgongo wenyewe haujainuka.
Ya Njoro ni ng'ombe watatu na kahawa ya msimu mmoja mzuri.
Ya Soweto ni upatu,
zamu yangu ya mwisho kabla kikundi hakijavunjika.
Ya Kiboriloni haina dari.
Hiyo ndiyo iliyonivalisha kitenge kipya
nikaenda kukaa kwenye foleni.

"Mwalimu," akasema, "ya nini mikopo minne,
riba nne, tarehe nne za kukunyima usingizi?
Tunazifunga zote pamoja.
Rejesho moja, kila tarehe tano."

Aliposema *tunazifunga*
niliona mbuzi wanne wakipelekwa mnadani kwa kamba moja.
Nikauliza: na mmoja akichechemea?
Akafunua ukurasa wa tisa,
herufi zake sisimizi waliomwagikiwa sukari.
"Wote wanasimama, Mwalimu. Kamba tunashika sisi."

Nikasaini. Usiseme sikuelewa.
Nilifundisha hesabu.

Kihamba cha Kirua sikukitaja.
Pale amelala Elifasi,
na kaburi halina marejesho.

Sasa Sista Ndeshi wa Pasua,
anayelipa miezi sita mbele na kudai risiti,
hajui kwamba mlango wake umeegemea
cherehani ya mtu asiyemfahamu, kule Njoro.
Cherehani imenyamaza tangu Machi.
"Mwezi ujao, Mwalimu," anasema Mkunde.
Mwezi ujao wake
hauna tarehe tano.

Jana nilikwenda kumtoa.
Njia nzima nilipanga maneno, makali, yenye mpangilio,
kama ninavyopanga sahani.
Nikamkuta na futi shingoni,
anampima mtoto wa jirani kaptula ya shule
kwa mkopo.
Maneno yakanidondoka mlangoni.
Nikasikia mdomo wangu ukisema:
nishonee mapazia, nyumba zote nne,
tukate kwenye kodi.

Akainua macho. "Ya kupamba au ya kuficha?"
Ya kuficha, nikasema.

Leo tarehe tano.
Nimehesabu mara tatu juu ya kitanda,
nimelowesha kidole kama karani.
Zimepungua elfu kumi na mbili.
Alfajiri nilipanda Kirua na panga,
nikashuka na mkungu kichwani, umande shingoni.
Dirishani pa benki kijana akapokea noti,
akainusa moja, akaniangalia.
"Inanuka utomvu, Mama."

Hesabu tu, mwanangu.
Hiyo haimo kwenye faili lenu.