Kwenye Kifundo cha Mkono wa Baba

Kalyinur alikuja juu ya farasi wa kuazima,
tope hadi gotini, hasira hadi kooni.
Gari liko daraja la pili, alisema,
linanguruma na haliendi.
Mitungi minne ya maziwa ya farasi inachacha nyuma ya kiti,
nayo haijui kumngoja fundi.

Baba alimtazama midomo.
Miaka thelathini ya trekta za shamba la pamoja
ilimla masikio, la kushoto kwanza,
la kulia taratibu, kama panya na gunia.
Sasa sikio ni mimi. Jibu ni yeye.

Darajani nililala kifudifudi, theluji ya milimani
ikiyeyuka kuingia kolani mwangu.
Tia gea. Achia klachi.
Propela inazunguka, naiona, haina kosa,
na matairi manne yametulia
kama wageni ambao hawajakaribishwa chakula.

"Linasemaje?" baba akauliza, kwa sauti ya mtu
anayeita ng'ambo ya bonde.
Nikakishika kifundo cha mkono wake,
nikagonga kwa kidole: ta-ka. Ta-ka. Kimya. Ka.
"Na siku zile, kwenye kona?"
Kalyinur akakuna kichwa.
Ndiyo, kama mbwa anayetafuna mfupa,
tangu wiki ya kunyoa kondoo,
ila redio ilikuwa juu.
Hilo sikuligonga. Baba alilisoma usoni mwake.

"Inua nyuma. Jeki mbili. Zima injini, gea ibaki ndani."
Akalizungusha gurudumu la kulia kwa mkono.
Difu nzima ni mzani: huku kukienda mbele
kule hurudi nyuma, hakuna hiari.
Kule hakukurudi.
Akahamia la kushoto, akalisukuma kwa kidole kimoja.
Likazunguka peke yake, jepesi, jepesi mno,
mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Difu haina aibu," alisema, akijipangusa grisi pajani.
"Humpa nguvu zote yule asiyebeba kitu."

Bolti sita. Ya sita ilikuwa na kutu,
ikadai matusi yake ikapewa.
Shafti ikatoka na oili nyeusi,
fupi.
Nusu ilibaki ndani, gizani, imeng'ang'ania meno yake.
Nikafunga sumaku kwenye fimbo ya hema,
sumaku ya spika iliyochezesha harusi ya dada yangu,
nikaizamisha ndani ya bomba la ekseli.
Mara saba ikabusu ukuta badala ya bibi harusi.
Ya nane, ta. Nilisikia mimi. Baba aliona bega langu.

Akaugeuza uso wa mvunjiko kuelekea jua.
Sehemu kubwa nyeusi, laini, ina mistari
kama pete ndani ya kisiki.
Ukingoni, kipande kidogo cheupe,
kina chembe, kinameta kama sukari.
"Hiki cheupe ni cha leo," alisema.
"Hiki cheusi ni cha miaka.
Ilikuwa inakatika siku zote ulizosema gari zima."
Kalyinur akaangalia mto.

Kipande cha nje tukakirudisha, kiwe kizibo cha oili.
Nikafunga habu za mbele, nikavuta ule mti mfupi wa gea,
na gari likaondoka likivutwa kwa mbele,
kama beberu anayekokotwa pembe asiyetaka mnada.

Njiani baba aliuweka mkono wake gotini mwangu,
kifundo kimeangalia juu.
Nikakishika. Sikugonga.
Hakukuwa na cha kugonga, injini tu na mawe,
naye hakukiondoa.

Karibu na makaburi mtungi wa tatu ukafyatua kizibo,
maziwa yakampiga Kalyinur kisogoni.
Nikagonga mara moja.
"Nini hiyo?" baba akapaza sauti, macho kwenye dashibodi.
"Beringi?"