Mistari Miwili

Ukutani kwa Ersilia Brugnoli kuna mstari wa tope
kutoka mlangoni hadi dirisha la nyuma,
umenyooka kuliko wowote niliowahi kupiga kwa rula.
Mita moja na sentimita thelathini na nane.
Nimepima mara mbili; ndiyo kazi yangu.
Maji yakimwagika hayazoleki,
ila yanapimika.

Mto Rovella umesharudi chini ya daraja,
unapita kimya kama mtoto aliyevunja kikombe.

Juu ya meza, kodiani kumi na tisa zimefura.
Mivukuto imeachana mikunjo,
na ndimi za chuma, alizozinoa mpaka zikatamka sawasawa,
zimeshika kutu kwa usiku mmoja.
Akanipa kahawa katika kikombe kilichosalimika rafu ya juu.
"Soma wewe, bwana mkadiria.
Mimi macho yangu yako masikioni."

Nikasoma.
Ukurasa wa pili: mafuriko yamo.
Akafanya ishara ya msalaba.
Ukurasa wa tano: kikomo cha fidia, euro elfu arobaini.
Akatabasamu. Hajawahi kuzishika elfu arobaini kwa pamoja.

Laiti ningeishia hapo.
Lakini hati ya bima ni nyumba yenye vyumba ndani ya vyumba,
na kadiri unavyoingia ndani dari linashuka.
Ukurasa wa tisa: mashine na vifaa, mwisho elfu sita.
Ukurasa wa kumi na moja: mali ya wateja iliyo mikononi mwa fundi.
"Enhe?"
Haimo.

Kodiani kumi na nne kati ya zile ni za watu.
Ile nyekundu ni ya Tarcisio wa posta,
aliyeileta Jumanne ikazwe kitufe kimoja tu.

Ile elfu arobaini aliiandikisha marehemu Nazzareno,
kwa lira, kabla hawajabomoa ukuta kupanua karakana.
Baadaye pesa ikabadilika jina,
mbao zikapanda bei,
mashine mbili zikaja kwa mkopo.
Ada ililipwa kila Januari, hata mwaka aliozikwa.
Namba hakuna aliyeigusa.

Nikamweleza, polepole, nikiitazama kahawa:
Karakana hii leo ni ya elfu themanini.
Umeikatia bima ya nusu.
Basi hawatalipa hasara yote mpaka wafike elfu arobaini, la;
watalipa nusu, tangu senti ya kwanza,
hata kingevunjika kiti kimoja.
Kisha watatoa elfu moja, ile ya mwanzo,
ambayo siku zote ilikuwa juu yako.

Hakujibu.
Akaishika ile nyekundu, akafungua kamba,
akavuta.
Hewa iliingia kwa mkoromo, ikajaa.
Akasukuma. Kimya. Maji kidogo yakamdondokea kwenye viatu.

"Imevuta," akasema, "haiwezi kutoa.
Ndicho unachoniambia?"

Ndicho.
Miaka ishirini na sita ninawaeleza watu
kwa mikate, kwa mablanketi mafupi, kwa asilimia,
na hakuna aliyewahi kuondoka ameelewa hivyo.

Akaniazima futi yangu ya chuma,
akasimama ukutani, akajipima mwenyewe:
tope lilimfika begani.
"Andika na hilo," akasema.
Fomu haina mahali pa bega.
Nililiandika pembeni, kwa penseli,
nikijua ofisini halitasomwa.

Usiku, nyumbani, nikaitafuta hati yangu mimi,
mimi mwenye mihuri na kalamu tatu mfukoni.
Niliikuta chini ya vitambaa vya meza.
Ukurasa wa pili ulikuwa umechakaa kwa vidole.
Wa tisa
ulikuwa bado umegandana na wa kumi,
nikachukua kisu cha siagi
nikauachanisha.