Shimo Nyuma ya Nyumba

Agosti, Bihawana, upepo unatia makapi ya uwele
mpaka ndani ya chai.
Nilichukua sururu nikaenda nyuma ya nyumba.
Ardhi ngumu kama deni.
Jana yake jioni nilikuwa nimeimwagia ndoo mbili,
ndoo mbili, kiangazi hiki!
Mke wangu alihesabu, akanyamaza.
Asubuhi ardhi ikakubali kidogo.

Upana wa ungo. Kina nilikipima kwa kamba ya shambani,
toka wayo wa Sechelela hadi chini ya kwapa.
Shimo la choo halina upana ule.
Shimo la mche halina kina kile.
Lililobaki, kila aliyechungulia uani alilijua,
akaenda kumwambia mwenzake.

Ndahani wa zahanati ndiye aliyenituma,
yule anayekuja Alhamisi na pikipiki isiyo na kioo.
Alimshika mwanangu magoti, akayasikiliza kama redio.
"Kifaa cha kumsimamisha kinatoka mbali," alisema,
"na huwa hakifiki.
Una sururu?"

Miaka mitatu na miezi minne.
Wameshasema kalogwa, wameshasema laana ya upande wa mama,
na msimamizi wangu shambani, kwa wema wake, akasema:
"Huyo ni mzabibu, Chilewa, atatambaa tu."
Mzabibu naujua. Mzabibu ukichelewa, naukata.
Usinipe mfano huo.

Basi wakaja.
Mama Yaredi mbele, mwiko mkononi ukichuruzika mlenda,
balozi nyuma yake anatafuta kiatu cha pili,
na vijana wawili waliokuja kuona tu.
"Chilewa! Mtoto yuko wapi?"
Nikasogea pembeni.

Alikuwa amesimama.
Magunia pande zote, mchanga usimkwaruze,
mikono juu ya ukingo, nyayo zimekanyaga chini,
kichwa kinadondoka kama cha msinziaji kanisani,
halafu kinarudi.
Kinadondoka. Kinarudi.
Miaka mitatu alikuwa akiyajua mabati ya dari.
Leo anatazamana na kuku, uso kwa uso,
na kuku ndiye aliyekwepesha macho.

Mama Yaredi akachuchumaa. Sijui kwa nini,
akamnyooshea mwiko.
Mkono wa mwanangu ukaondoka ukingoni,
ukaenda kushoto, ukapotea, ukarudi,
ukagonga gunia.
Balozi akainama amsogezee.
"Acha," nikasema. "Mngoje."

Tukangoja.
Ugali wa mtu uliungua mahali, tuliusikia harufu.
Watu wazima watano, juani, tunangoja vidole vitano.

Akaushika.
Hakucheka, hakusema neno.
Aliupeleka mdomoni, akakosa, akajipaka mlenda jichoni,
akalia kwa hasira kama mtoto yeyote.

Balozi aliuliza shimo litafukiwa lini.
Sikuwa na jibu, nikamwambia usiku tunalifunika kwa bati.
Mama Yaredi aliondoka bila mwiko wake.

Kaka zake wana alama za mkaa kwenye mwimo wa mlango,
zinapanda mwaka hadi mwaka.
Ya Sechelela inashuka.
Mwezi wa tano, baada ya kuvuna karanga,
Ndahani alitazama kwapa, akatazama ukingo,
akaniambia, "Pamekuwa pafupi."
Nikaenda kutafuta sururu.
Vidole vinne.