Safu ya Saba

Fomu imetoka manispaa, nakala tatu,
kaboni yake inachafua kidole.
Safu ya saba: Thamani kwa Umma.
Chini yake, herufi ndogo: jaza kwa tarakimu.

Mimi ndiye afisa utamaduni, kata ya Kayenze.
Chumba kimoja na bwana mifugo.
Ng'oma nne za serikali ziko stoo,
zimelalia saruji ya zahanati,
moja panya kaitoboa.
Fungu la mwaka: laki tatu na nusu,
na laki mbili tulilia semina
ya matumizi bora ya laki tatu na nusu.

Jumamosi, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani,
Bagika walisimama upande wa mawe,
Bagalu upande wa ziwa.
Jaji hakuna. Watu ndio mizani:
huku kukinoga wanakuja huku,
kule wakitoa chatu, umati unamwagikia kule.
Nihesabuje? Yule mama wa kanga ya kijani
nimemwandika mara nne.

Nkwimba aliuza ndoo mbili za dagaa,
ya tatu akaiacha wazi, akaenda kucheza.
Hakikuibwa hata kichwa.
Hiyo ni safu ya ngapi?

Masunga na Lugembe, tangu kesi ya mpaka
hawajapeana hata shikamoo ya msibani.
Walijikuta bega kwa bega, wakimzomea
mchezaji aliyedondosha jembe.
Hawakusalimiana.
Lakini walizomea kwa pumzi moja.

Nilijaza maneno. Jumanne fomu ikarudi kwa bodaboda,
wino mwekundu umezunguka maandishi yangu:
"Tarakimu. Maoni hayaingii kwenye mfumo."

Sikukasirika. Kijana wa mipango namjua,
anadaiwa na mkoa, mkoa unadaiwa na wizara,
kila mtu na safu yake ya saba.
Tena ni haki: fedha ni ya watu,
sharti mtu aulize imekwenda wapi.
Ila debe hupima mpunga,
halipimi upepo ulioupepeta.

Nikaandika 212.

Kisha nikaona vumbi kwenye viatu vyangu,
nikakumbuka: kalamu sikioni,
meza nimeiacha peke yake juani,
nami nimesimama upande wa ziwa, napiga makofi,
mimi, mjukuu wa Bagika.

Nikafuta.
Nikaandika 213.