Swali la Siri

Saa nne na robo usiku, Malindi.
Meza ya Msaada, chumba cha nyuma ya maktaba.
Feni inazunguka kwa kinyongo
na dawati limejaa vitu vya wenyewe:
flashi mbili zisizo na wa kuzidai,
kompyuta ya mwalimu wa Hesabu iliyomwagikiwa chai ya tangawizi,
chaja ya mtu, shingo imefungwa plasta kama kidole.

Simu ikalia. Sauti kutoka Amu:
"Kaka, ndia zote zimefungwa."

Mwanatumu Lali, mwaka wa tatu, Ualimu.
Tasnifu yake inatakiwa mfumoni kabla ya saa sita
na nywila imemtoka kichwani
kama jina la mtu uliyejuana naye harusini.
Simu ya kupokelea namba za uthibitisho
ilitumbukia birikani juzi, akitawadha.

Nikamwambia, kuna mlango wa nyuma.
Swali la siri. Ukijibu, unafunguka.
Ukikosea mara tatu unafungiwa hadi Jumatatu,
na mimi ufunguo wa Jumatatu sina.

Mama yako alizaliwa wapi?

Nilisikia jenereta ya jirani yake ikikohoa.
"Amu," akasema.
Kioo kikawa chekundu.
"Matondoni?" Kama anayeniuliza mimi.
Chekundu.

Jibu nilikuwa naliona. Herufi nne, mbele ya macho yangu,
na nimetia sahihi kwamba sitalitamka.
Nikabaki nagonga meza kwa kalamu,
mtazamaji wa bao aliyekatazwa kugusa kete.
"Fikiri, dada. Uliliandika mwenyewe."

"Sikuandika mimi.
Aliandika kijana mmoja siku ya usajili,
foleni imefika hadi uwanjani.
Aliniuliza bila kuinua uso
nami nikamjibu kweli, nikamwambia: siyui.
Mama alinizaa akafa, kaka,
na bibi hakupenda kuulizwa.
Hata leo, siyui."

Siyui.
Nikatazama kioo.
SIYU.

Mimi ni mtoto wa Ganda. Kwetu asiyejua husema *simanya*,
na shuleni wakanifunza kusema *sijui*.
Ile ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini,
shati limenigandia mgongoni.
Nikasikia mji, nikaandika mji,
nikaita: Anayefuata!

"Dada," nikasema, na sahihi yangu ikanitazama,
"hebu rudia neno hilo. Polepole.
Herufi ya mwisho iache."

"Siyu?"

Kijani.

Faili likaanza kupanda. Asilimia tatu. Kumi na moja.
Kwenye arobaini likaketi
kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau.
Hatukusemezana. Alikuwa akihesabu kwa pumzi.
Saa sita kasoro dakika nane, likafika.

Hapo ndipo alipouliza:
"Kwani mama ni wa Siyu?"

Nikamweleza. Foleni, joto, sikio langu.
Nikamwambia naweza kusahihisha sasa hivi,
ni kubonyeza mara mbili tu.

Akakawia. Jenereta ikazimika,
na kimya cha kwao kikaingia chumbani kwangu.

"Wacha hivyo hivyo," akasema.
"Nimekaa na siyui miaka ishirini na miwili.
Siyu, angalau, ina nauli."

Alipokata, nikafungua fomu ya kufungia kazi.
Jina la mwanafunzi. Saa. Muda uliotumika.
Chanzo cha tatizo, chagua kimoja:
mtumiaji, kifaa, mtandao.

Nikaipitia orodha mara ya pili.
Sikio halimo.