Mdai Nambari 4117

Ujumbe umeingia nikipima omena Kibuye:
umelipwa shilingi mia sita na arobaini.
Miaka mitatu ya kesi.
Mawakili walishajipakulia,
sisi tukakomba sufuria.

Faili langu la kliniki lilitoroka usiku mmoja
likafika Manyatta kabla yangu.
Mama Abuya akaacha kuniazima jiko.
Shemeji akanitengea kikombe cha bati,
kikae dirishani, mbali na vingine.

Ili nilipwe, wakaniuliza tena:
kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa.
Nikaandika: Risper Akeyo.
Kwenye ugonjwa kalamu ikagoma.
Si wanao tayari? Wajisomee.

Mia sita na arobaini.
Nimenunua vikombe sita
vinavyofanana kama mayai.
Jumapili shemeji akija chai,
achague chake.