Mshono

Tsiala kaja na karatasi ya ukaguzi, kaikunja mara nne
kama hati ya mahakama.
"Wamelikataa," akasema. "Eti linatoa sumu.
Gari la Nodari! Nodari aliyekuwa akiosha hata spana."

Na kweli. Kwenye kisanduku cha mbele mlikuwa na daftari lake,
jalada la bluu, mwandiko umelala upande kama mvua ya Gldani:
oili, kila kilomita elfu saba, bila kukosa;
plagi nne, mwaka wa mafuriko;
chujio la hewa, kila Juni,
pamba za mipopla zikishamaliza kuruka mjini.
Sijaona mgonjwa mwenye cheti kizuri hivi.

Nikaanza pale fundi mwoga aanzapo:
juu, kwenye vilivyo rahisi.
Nikafungua plagi. Rangi ya biskuti, ndivyo zitakiwavyo.
Nikavuta kijiti cha oili, nikanusa: changa bado.
Mipira ya hewa haina ufa. Sensa inaongea.
Injini ikanguruma taratibu, haikosi pigo,
na bado mshale wa kipimo ukapanda,
ukasimama palepale walipoukatalia.

Mikono ilijua kabla yangu. Ilikuwa haitaki jeki.

Chini ya gari kuna baridi ya aina yake.
Nikagonga kichujio cha moshi kwa nyundo ya mpira.
Kilicho kizima hujibu du, kama mtungi wenye maji.
Hiki kikajibu kama debe.
Nikamulika ubavuni, nikauona mshono:
nukta, nukta, kisha mkia uliopinda kushoto.
Tbilisi nzima hakuna apindaye mkia kushoto
ila mimi, kwa ajili ya kidole hiki nilichovunjia jeshini.

Miaka kumi na moja. Novemba. Nodari alisimama hapa,
kofia mkononi, akauliza bei ya sega.
Maana mle ndani mna sega la kauri,
vijumba maelfu, bila nyuki, bila asali,
vimepakwa madini yapimwayo kwa mizani ya sonara.
Moshi huingia na ukorofi wake wote
hutoka umefundwa.
Nikapasua, nikachota, nikashona ganda tupu.
Tulifanya hivyo wote. Mnunuzi alipita Ijumaa na ndoo.

Nikalirudia daftari. Ukurasa wa Novemba:
"Bomba. Kazi ndogo. Malkhazi."
Hakudanganya hata neno. Alipunguza tu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Nodari kifo kilimstahi, miaka mitatu sasa;
kaja kuumbuliwa na mashine yenye mrija.

Nilimwambia Tsiala yote nikiwa bado chini,
kwani ni rahisi kusema na viatu vya mtu.
Viatu havikusogea.
Kisha: "Novemba ya mwaka gani?"
Nikataja.
"Ndipo aliponiletea mashine ya kufulia.
Akasema kapata kibarua cha wiki mbili Batumi."

Akacheka, kicheko cha kukwaruza.
"Naanika shuka roshani, yeye chini anapasha injini.
Kumbe gari lilelile:
lanifulia juu, lanichafulia chini.
Na mimi namlaumu jirani na makaa yake."

Nikasema sega jipya nitalifunga bure, anunue kifaa tu.
Hakunijibu hilo.
Akainama, magoti yakalia,
akanipitishia daftari chini ya mlango wa gari, na kalamu.

"Andika," akasema. "Usipunguze."

Vidole vyangu vilijaa oili.
Ukurasa ukapata alama kabla haujapata neno.